Mtoro na Watazamaji Wake

Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii nimeijua tangu shule ya msingi, na mara nyingi nimeipachika katika insha ili kumridhisha mwalimu, pasipo kuitafakari sana. Ilinijia upya mwaka jana, Ijumaa moja usiku, tulipokuwa wanafunzi kumi na mmoja tumebanana katika chumba kimoja cha hosteli, tukitazama filamu ya kale ya Kimarekani kwenye kipakatalishi cha mwenzetu. Filamu yenyewe haikuchukua hata saa moja na robo. Mabishano yaliyofuata yalitufikisha alfajiri, na kwangu mimi hayajaisha hadi leo. Ndiyo sababu, mpenzi msomaji, nimeomba nafasi katika jarida letu ili niyaweke bayana.

Filamu hiyo inaitwa Detour, yaani mchepuko wa barabara. Ilitolewa mwaka 1945 ikiongozwa na Edgar G. Ulmer, mzaliwa wa himaya ya Austria na Hungaria aliyehamia Marekani. Ulmer alikuwa amepata sifa mwaka 1934 kwa filamu ya kutisha, The Black Cat, aliyoitengenezea studio kubwa ya Universal. Kisha akapendana na mke wa mtu, na mtu huyo alikuwa jamaa wa mwenye studio. Milango ya wakubwa ikamfungia. Baada ya kuhangaika huku na huko, aliangukia PRC, mojawapo ya studio ndogo ambazo watu wa Hollywood walizibandika jina la kejeli, Safu ya Umaskini. Huko filamu zilitengenezwa harakaharaka, kwa waigizaji wasiovuma na kwa vyombo vichache. Umaskini huo unaonekana wazi. Mhusika anapomsindikiza mchumba wake usiku mjini New York, jiji lote ni ukungu na vibao vya majina ya mitaa. Hakukuwa na pesa za kujenga jiji, kwa hivyo jiji likafunikwa kwa moshi.

Kwa faida ya wasioiona, nitaisimulia kwa ufupi. Al Roberts, anayeigizwa na Tom Neal, ni mpiga piano katika klabu ya usiku. Mchumba wake, Sue, anamwacha na kwenda Los Angeles kutafuta umaarufu. Roberts anaamua kumfuata, lakini hana nauli, basi anasimama kando ya barabara kuomba lifti. Jangwani Arizona anachukuliwa na mtu mwenye pesa na gari zuri, aitwaye Charles Haskell, ambaye njiani anameza vidonge kila baada ya muda. Usiku mvua inanyesha. Roberts, ambaye sasa ndiye anayeendesha, anasimamisha gari ili ainue paa la kukunja. Haskell haamki. Roberts anaufungua mlango, Haskell anaporomoka, kichwa kinagonga jiwe, naye ni maiti. Roberts anajiambia kuwa hakuna polisi atakayemwamini. Anauficha mwili vichakani, anavaa nguo za marehemu, anachukua pochi, jina na gari lake, kisha anaendelea na safari.

Kesho yake, naye anampa mtu lifti. Mwanamke huyo, Vera, anayeigizwa na Ann Savage kwa ukali ambao sijauona kwa mwigizaji mwingine, anatokea kuwa ndiye yule yule aliyepewa lifti na Haskell siku chache kabla. Analijua gari na anamjua mwenyewe. Tangu hapo Roberts ni mateka wake. Mwishowe, katika nyumba waliyokodi Los Angeles, Vera akiwa amelewa anatishia kuwapigia polisi. Anakimbilia chumbani na simu, anajifungia, anajitupa kitandani huku waya umemzunguka shingoni. Roberts, akiwa upande wa pili wa mlango, anauvuta waya ule kwa nguvu zake zote. Anapouvunja mlango, Vera amekwisha kufa. Roberts anatoroka tena. Haya yote tunayapata kwa mbinu ya kisengere nyuma, kutoka kinywani mwake mwenyewe, akiwa ameketi mkahawani Reno, Nevada, mbele ya kikombe cha kahawa.

Filamu ilipokwisha, wa kwanza kusema alikuwa mwenzetu anayesomea sheria. Alicheka, akasema: “Maiti mbili, ajali mbili, na shahidi ni mmoja tu, naye ndiye aliyefaidika. Njia ya mwongo ni fupi.” Kwa maoni yake Roberts aliwaua wote wawili, na filamu nzima ni utetezi wa mshtakiwa anayejizoeza maneno kabla ya kufikishwa kizimbani.

Mwenzetu mwingine, mtu wa dini na mpole wa tabia, alimpinga vikali. “Ajali haina kinga,” alisema. Kwake yeye, Roberts ni mfano wa binadamu aliyeandamwa na majaliwa. Hakuwahi kutaka mali ya mtu, alitaka kumfikia mchumba wake tu. Alimkumbusha mwanasheria kuwa Haskell alikuwa akimeza vidonge, na huenda alikuwa amekata roho kabla mlango haujafunguliwa.

Wa tatu alikuwa mwanafunzi wa sanaa za maonyesho, na huyu hakujali nani alimwua nani. Alichekea ukungu ule, akachekea jangwa lililorushwa kwenye pazia nyuma ya gari lililosimama, na zaidi ya yote akaichekea sadfa. Katika bara zima la Marekani, aliuliza, mtu apakie abiria mmoja tu na abiria huyo awe ndiye yule? “Ningeiandika sadfa kama hiyo katika tamthilia yangu, mhadhiri angenirudishia karatasi.”

Wa nne alikuwa dada mmoja wa mwaka wa pili, ambaye muda wote alikuwa kimya. Alituuliza ni kwa nini wote tulimchukia Vera. Tulijibu kuwa ni mkali, mlevi, mwenye tamaa. Akatuuliza: “Nani kawaambia?” Tukanyamaza. Alituonyesha kuwa Vera ni mgonjwa, anakohoa, na anajua kuwa siku zake si nyingi. Kwamba Haskell alikuwa na michubuko mkononi kwa sababu alimvamia na Vera akajitetea. Kila tulichokuwa nacho kumhusu tulipewa na mtu aliyeuvuta ule waya. Maneno yake yalinichoma kwa namna ambayo wenzangu hawakuijua.

Siku zilizofuata nilisoma mengi kuhusu filamu hii, nikagundua kuwa mabishano ya chumba chetu hayakuwa mapya. Mwaka 1992, Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa. Mwaka 2018 ikakarabatiwa upya, picha kwa picha. Mwaka 1998 mhakiki Roger Ebert wa Chicago alizitaja kasoro zake bila haya, kisha akaihesabu miongoni mwa filamu kubwa. Miongoni mwa wahakiki, wapo wanaoiona kuwa hadithi ya majaliwa yasiyo na huruma, na wapo wanaoshikilia kuwa Roberts anajidanganya na kutudanganya. Kwamba picha zenyewe ni za mtu anayeipamba kumbukumbu yake. Sisi tulidhani tumezua hoja, kumbe tulikuwa tukitembea kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa.

Nilikutana pia na watazamaji wanaomhukumu Roberts kwa makosa ya Tom Neal. Mwaka 1965 mke wa mwigizaji huyo alikufa kwa kupigwa risasi nyumbani kwao, na Neal akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Alitumikia kifungo cha miaka sita, akafariki mwaka 1972, mwaka huo huo aliofariki Ulmer. Ni vigumu kuyajua hayo kisha ukamtazama Roberts kwa macho yale yale. Lakini sisi wanafunzi wa fasihi tumefunzwa tangu mwaka wa kwanza kutomchanganya mwandishi na msimulizi, wala mwigizaji na mhusika. Yaliyotokea mwaka 1965 hayawezi kuwa ushahidi wa jambo lililobuniwa mwaka 1945.

Jambo moja lilinichekesha. Wahakiki wengi huko Marekani huitaja kasoro ifuatayo: katika sehemu ambapo Roberts anaomba lifti, picha ziligeuzwa kushoto kulia ili safari ya kuelekea magharibi ionekane ikienda upande wa kushoto kama kwenye ramani. Matokeo yake ni kuwa magari yanakwenda upande usio wao, na usukani uko kulia. Mtazamaji wa Marekani huligundua kosa hilo papo hapo. Sisi kumi na mmoja, tuliolelewa katika nchi ambayo gari huendeshwa kushoto na usukani huwa kulia, hatukuona kosa lolote. Kosa lilikuwa limetupitia machoni likiwa limevaa nguo za nyumbani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni makosa mangapi mengine nisiyoyaona kwa sababu yamefanana na kwetu.

Hapo ndipo sharti nimlete mjomba wangu.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama, nasi ni wakazi wa Voi. Alikuwa dereva wa lori kati ya Mombasa na Nairobi. Usiku mmoja wa mwaka 1999, mtu aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia ya makaa aligongwa na lori la mjomba kando ya barabara kuu. Mjomba hakusimama. Aliliacha lori kwenye kituo cha mafuta kabla ya kupambazuka, akavuka mpaka Taveta, akaenda kuishi Moshi. Huko alifanya kazi katika gereji na watu walimwita kwa jina lingine. Alikaa miaka kumi na mmoja. Nyanya, mama yake, alipoulizwa alisema, “Yuko kazini,” na jibu hilo hakulibadilisha hadi alipofariki mwaka 2008. Mjomba alirudi mwaka 2010, nilipokuwa darasa la tatu. Hakuna aliyekuja kumtafuta.

Tangu arudi, amekisimulia kisa hicho mara nyingi, hasa jioni baada ya chakula, na daima kwa maneno yale yale. Lori lilikuwa na mzigo wa saruji. Gari lililokuwa likija mbele lilikuwa na taa kali. Taa zikampofusha. Baiskeli ikajitokeza gizani. Kishindo kikasikika. Watu wakaanza kutoka vichakani na marungu. Kisha huhitimisha: “Ningalisimama, wangaliniua.” Utotoni mwangu watu hao walikuwa watatu. Nilipofika kidato cha pili walikuwa umati.

Usiku ule hosteli nilinyamaza kwa sababu, kila Roberts alipofungua kinywa, nilimsikia mjomba. Nami ni mwanafunzi wa isimu. Nilipoitazama filamu mara ya pili nilichukua kalamu nikayachunguza maneno ya Roberts kama tunavyochanganua sentensi darasani. Ni nani mtenda katika masimulizi yake? Mlango ulifunguka. Mwili ulianguka. Jiwe lilikuwa pale. Waya ulijizungusha. Majaliwa yaliingilia. Roberts mwenyewe anaona, anasikia, anaogopa, anashangaa. Lakini panapotokea kifo, kiima cha sentensi daima ni kitu kingine. Nikayakumbuka maneno ya mjomba. Taa zikampofusha. Baiskeli ikajitokeza. Kishindo kikasikika. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema “nilimgonga”. Alisema “lori lilimgonga”, au “akagongwa”, na Kiswahili chetu kilimpa njia hizo kwa ukarimu. Sikusema kuwa alidanganya. Lori kweli lilimgonga. Lakini mwamba ngoma alikuwa akiivuta ngozi kwa kutumia viambishi.

Zingatia pia hali ya masharti. Roberts anaishi ndani ya -ngali-. Angalikwenda polisi wasingalimwamini. Asingalimpa Vera lifti, haya yasingalitokea. Mjomba naye amejenga nyumba humo humo. Uzuri wa -ngali-, ikiwa ni uzuri, ni kuwa huzungumzia jambo ambalo haliwezi tena kuthibitishwa wala kukanushwa. Hakuna shahidi anayeweza kuitwa kutoka huko.

Hata Ulmer mwenyewe hakusalimika. Uzeeni alipenda kusema kuwa aliipiga picha filamu hii kwa siku sita, na dai hilo likaenezwa kotekote. Watafiti waliozipekua nyaraka za studio baadaye walionyesha kuwa kazi ilichukua muda mrefu zaidi na pesa nyingi zaidi ya ilivyovumishwa. Umati wa mjomba na siku sita za Ulmer ni ndugu. Kisa kikisimuliwa sana, huanza kumtunza msimulizi wake.

Likizo ya Aprili nilikwenda nyumbani na filamu ile kwenye kipakatalishi. Filamu hii haina tena ulinzi wa hakimiliki nchini Marekani, kwa hivyo kuipata si kazi. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia mjomba kwa nini nilitaka aitazame. Nilimwambia tu kuwa ni filamu ya barabara, naye hupenda vitu vya barabara. Tuliketi sebuleni, mama akiwa jikoni. Kiingereza chake si kingi, basi nikawa nikiisimamisha kila baada ya muda na kumtafsiria.

Alitazama kimya. Usukani wa kulia haukumshangaza, kama sisi. Sadfa ya Vera haikumchekesha. “Barabara ni moja,” alisema, “wanaoipita hukutana.” Haskell alipoanguka kwenye jiwe, nilimtazama usoni, nikitarajia aseme jambo. Hakusema. Nilianza kujiona mjinga niliyemtegea mzee mtego.

Mwishoni nilipata tabu ya tafsiri. Roberts anatoka mkahawani usiku, anatembea peke yake barabarani. Sauti yake inatumia wakati ujao: anajua kwamba ipo siku gari asiloliomba litasimama limchukue. Ilhali kwenye picha gari la polisi linakuja wakati huo huo, linasimama, naye anaingizwa. Kanuni za maadili za Hollywood za enzi hiyo hazikuruhusu mwuaji aachwe huru mwishoni, kwa hivyo baadhi ya watazamaji husema kuwa gari lile lililetwa na kanuni. Wengine husema ni ndoto ya Roberts tu. Nilisita, nikamwuliza mjomba, “Nisemeje? Litasimama, au limesimama?”

“Sema litasimama,” alinijibu. “Miaka kumi na mmoja, kila gari lililopunguza mwendo nyuma yangu nililiona kuwa ndilo.”

Nikafunga kipakatalishi. Alikaa kwa muda, kisha akaniuliza swali ambalo katika chumba chetu cha hosteli, pamoja na elimu yetu yote, hakuna aliyeliuliza. “Yule mwenye gari, yule wa kwanza kufa, alisema alitoroka kwao kwa nini?”

Ilinibidi nirudishe filamu nyuma. Ni kweli. Njiani, Haskell anamsimulia Roberts asili ya kovu alilo nalo mkononi. Akiwa kijana alicheza na mwenzake kwa panga za kivita zilizokuwa zimetundikwa ukutani kwa baba yake. Wakaumizana, na Haskell akamtoboa mwenzake jicho. Kwa hofu alitoroka nyumbani na hakurudi tena. Baadaye Vera na Roberts wanasoma gazetini kuwa baba yake Haskell, tajiri mkubwa, yu mahututi na anatafutwa mwanawe. Vera anaona humo urithi tu. Sisi pia tuliona humo mbinu ya kuikuza taharuki.

“Basi yeye naye ni mtoro,” mjomba alisema. “Na baba yake anamngoja. Anakufa akimngoja, na mtoto yuko vichakani kwa jina la hakuna mtu, kwa sababu jina lake kachukuliwa.” Akanyamaza. Kisha akasema, kama anayejisemea: “Mama alikuwa akisema niko kazini.”

Nilikuwa nimetazama filamu hiyo mara tano. Nilikuwa nimewahesabu watenda na viima, nikajivunia kuwa nimemgundua mwongo. Lakini nilimgundua mwongo yule tu aliyekuwa akisema. Mtoro aliyekufa, asiye na kisengere nyuma cha kumtetea, nilimpita kama tulivyoupita usukani. Alionwa na mtu ambaye alikuwa mahali pake.

Wiki mbili baadaye mjomba alimwambia mama kuwa anataka kwenda kule. Hatukuuliza wapi. Tulikwenda watu wanne: yeye, mama, mzee mmoja wa mtaa wetu, nami. Haikuwa vigumu kupata nyumba. Katika vijiji vya kando ya barabara kuu, watu hukumbuka nani aligongwa wapi na mwaka gani. Mtu yule alikufa usiku ule ule. Mjane wake yu hai, na mwanawe mkubwa ana umri wa kunizidi. Walitupa viti chini ya mti. Yaliyofuata baina ya familia mbili, na yale ya polisi na fidia, si yangu kuyaeleza humu, na bado hayajafika mwisho. Nitaeleza mambo mawili tu.

La kwanza ni swali la mjane. Hakuuliza kwa nini mjomba alitoroka. Aliuliza kama mumewe alisema neno lolote. Majirani walimkuta amekwisha kukata roho, na kwa zaidi ya miaka ishirini mama huyu alikuwa akiamini kuwa dereva, popote alipo, ndiye mtu pekee duniani anayejua kama mumewe alimwita mtu, au aliomba maji, au hakusema kitu. Mjomba hakuwa na jibu, kwa kuwa hakusimama. Nilimwona akilitafuta. Alikuwa na taa, alikuwa na saruji, alikuwa na umati wa watu wenye marungu. Kila kitu alikuwa nacho katika kisa chake isipokuwa kile kitu kimoja ambacho mtu alikuwa akikihitaji. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kosa la Roberts, awe aliua au hakuua. Aliondoka na ushuhuda. Watazamaji wanabishana kwa miaka themanini kama yanayosemwa na mtu huyu ni kweli, kwa sababu yeye mwenyewe aliwaondolea njia nyingine yoyote ya kujua.

La pili ni namna mjomba alivyolianza jibu lake. Alisimama, akavua kofia. Mzee tuliyekwenda naye alikuwa ametayarisha maneno ya upole, akaanza kusema kuwa, kama wajuavyo, ajali haina kinga, na usiku ule lori liligonga. Mjomba alimwomba radhi, akamkatiza. Alimtazama yule mama, akalitaja jina la marehemu, jina ambalo alikuwa amelijua saa moja tu iliyopita, kisha akasema, “Nilimgonga.”

Ni neno moja lenye mofimu tano, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulichanganua bila taabu. Kiambishi chake cha kwanza kilimchukua mjomba wangu zaidi ya miaka ishirini.